Namna ya kufanya kengele ya mashine ya boti isizibwe, bila ya funguo ya siri ya pamoja

Mashine ya boti ni mtaji wa watu wengi, ikiibiwa usiku basi asubuhi nahodha hana kitu, mabaharia hawana kitu, na yule mama anaengoja samaki dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, akauze nae hana kitu. Ndo mana vijana wengi wanaochezea umeme wanatengeneza viboksi vya kengele, unakifunga juu ya mashine, kinatuma mawimbi mpaka kwenye kituo pale dikoni, mashine ikitikiswa king'ora kinalia. Kazi nzuri sana hiyo. Tatizo ni kwamba mwizi nae ana simu na intaneti, anajua kiboksi kile kinatumia redio, na vidude vya kujam, yaani vya kuziba mawimbi, vinauzwa mitandaoni kwa bei ya chini sana ukilinganisha na mashine yenyewe. Akikiwasha karibu na boti kengele yako inakuwa bubu.

Kuna watu watasema si rahisi tu, kiboksi kiwe kinatuma "nipo, nipo" kila baada ya sekunde chache, kikinyamaza king'ora kilie. Sawa, fanya hivyo, mimi mwenyewe nasema kifanywe, lakini peke yake haitoshi. Mwizi mwenye akili haji kuiba usiku wa mwanzo. Anawasha kidude chake saa 7 za usiku, king'ora kinalia, watu wanatoka mbio, hawaoni mtu. Kesho tena. Keshokutwa tena. Siku ya nne mtu mzima mmoja anasema zimeni hilo likelele watoto walale, na hapo sasa ndo anakuja na spana. Kwa hiyo lazima mawasiliano yenyewe yaweze kupita hata kama kuna mtu anaziba, na king'ora kilie pale tu panapokuwa na jambo.

Humu ntaeleza njia ya kufanya hivyo bila ya kugawana funguo ya siri kwenye kila kiboksi. Kwa mazingira yetu ya madiko mimi naamini hii ndo njia, na ntakwambia kwa nini.

Kwanza hakikisha kama kweli unazibwa

Watu wengi wanalalamika wamezibwa kumbe shida ni nyengine kabisa. Zile moduli za nRF24L01+, viredio vidogo vya 2.4 GHz ambavyo kila mtu anatumia, zinataka umeme uliotulia, weka kapasita ya maikrofaradi 10 baina ya waya wa VCC na GND karibu kabisa na moduli, bila hiyo zinapoteza pakiti, yaani vifurushi vya data, ovyo ovyo na utamsingizia mwizi bure. Halafu chumvi. Kiungio cha antena kikiachwa wazi baharini kinaota kutu ya kijani ndani ya muda mdogo, kipake grisi na ukivalishe mpira unaobana kwa moto.

Na maji. Hili wanaofundisha redio kwenye vitabu vya bara hawalisemi. Siku za bamvua maji kwetu yanapanda na kushuka kama mita 4, boti ile ile iliyokuwa inaelea usiku na antena imesimama wima, maji yakikupwa inalala ubavu juu ya mchanga na antena inaangalia Mombasa. Ishara inaanguka. Tena mawimbi ya redio yanayogonga uso wa maji yanarudi na kugombana na yale yaliyokuja moja kwa moja, kwa hiyo hata boti ikiwa imesimama vizuri, kimo cha maji kikibadilika nguvu inabadilika. Andika daftari la wiki mbili, siku za bamvua na siku za maji mafu, uone viboksi gani vinapotea saa ngapi. Kama kupotea kwake kunafuata maji, huyo si mwizi.

Dalili ya kuzibwa kweli ni hii: kuna nguvu kubwa hewani lakini pakiti haziingii. Kama nguvu ni ndogo na pakiti haziingii, hapo tafuta umbali, antena, au betri. Moduli ya nRF24 haikupi kipimo kamili cha nguvu, ina biti moja tu inayoitwa RPD ambayo inakuwa 1 kama ishara imezidi -64 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara), lakini inatosha. Maktaba ya RF24, ile programu ya kuendeshea moduli hii, ina mfano wa skana, unaupakia tu, unapita kwenye chaneli zote na kukuonesha zipi zina kelele. Iendeshe usiku wa kawaida kwanza ili ujue hali ya kawaida ya diko lako, maana ukiwa karibu na mahoteli kama Nungwi utakuta Wi-Fi zimejaa kwenye chaneli zake na hiyo si hujuma, ni majirani tu.

Kwa nini usiweke siri moja kwa wote

Njia ya kukwepa anaeziba inajulikana zamani, unaruka chaneli. Mwaka 1942 Hedy Lamarr, mcheza filamu wa Hollywood, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza huko Marekani ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kwenye masafa 88, anaetuma na anaepokea wote wana karatasi yenye matundu yale yale kama ya piano ya kujiendesha, basi wanaruka pamoja. Adui akiziba masafa mamoja wenyewe washahama. Mpaka leo wazo ni lile lile, badala ya karatasi tunatumia funguo ya siri inayozalisha mfululizo wa chaneli.

Lakini angalia pale: karatasi ile ni siri na iko sehemu mbili. Sisi tuna viboksi thelathini dikoni, kila kimoja kinalala usiku kucha baharini bila ya mtu. Ukiweka siri moja kwenye vyote, mwizi anahitaji kuiba kiboksi kimoja tu, au kununua kimoja kwa mtu aliyeuza boti yake, anakifungua, anaisoma siri, na kuanzia siku ile anajua diko zima litarukia chaneli gani na saa ngapi. Umemlindia nini sasa?

Basi weka siri tofauti kwa kila kiboksi, kila kimoja na kituo chake. Afadhali, lakini hapo unakuja kwenye dago. Wavuvi wetu hawakai pahala pamoja, wa Kojani wanajulikana kwa dago, msimu ukibadilika boti zinahamia kwengine miezi kadhaa, kiboksi kilichofungwa Wete, Pemba, kinakwenda kulala mbele ya kituo cha Mkokotoni, Unguja, ambacho hakijawahi kukiona. Siri ya pamoja hawana. Utazituma siri zote kwenye vituo vyote? Kituo kimoja kikiibiwa zimekwenda zote.

Utasema basi wakubaliane siri pale pale wanapokutana, hesabu za Diffie na Hellman zipo tangu 1976, watu wawili wanabadilishana namba hadharani na mwisho wanapata siri ambayo msikilizaji hana. Kweli kabisa, lakini namba zenyewe lazima zifike! Na mwizi anaziba. Ili uruke pamoja unataka siri, ili upate siri unataka mawasiliano, ili upate mawasiliano unataka kuruka. Fundo hili ndo kiini cha kazi yote, na mengine yote humu ni namna ya kulifungua.

Kuruka bila kupanga

Waliolifungua ni watafiti wanne, Mario Strasser, Christina Pöpper, Srdjan Čapkun na Mario Čagalj, mwaka 2008, watatu wa mwanzo wakiwa ETH Zurich. Wazo lao ukilisikia mara ya mwanzo unaona kama halitofanya kazi. Anaetuma anaruka chaneli ovyo, kwa bahati nasibu. Anaepokea nae anaruka ovyo kivyake. Hawajapanga chochote.

Chukua watu wawili wanatafutana Darajani mkesha wa Idi, simu zimekwisha chaji na hawakupanga pa kukutania, mmoja anapita mbio kila kichochoro na mwengine anasimama kidogo kila kona kisha anahama. Watakutana tu, tena mara nyingi. Na mtu wa tatu anaetaka kuwazuia wasikutane hajui akasimame wapi, kwa sababu hata wenyewe hawajui.

Hapo ndo pana nguvu yake. Siri ipo, lakini ni bahati nasibu inayozaliwa wakati wa kutuma na kufa pale pale, haikuhifadhiwa popote, hakuna kiboksi cha kuiba ukaipata. Gharama yake ni muda, maana mara nyingi wanapishana, ujumbe unakatwa vipande vidogo na chaneli zikiwa 80 basi kipande kimoja tu katika 80 ndo kinakutana na sikio. Kwa hiyo njia hii huitumii kwa mazungumzo ya kila siku, unaitumia kupitisha zile namba za Diffie na Hellman tu, ukishapata siri ya watu wawili unahamia kwenye kuruka kwa pamoja kwa kasi yako ya kawaida.

Hesabu zake kwa vifaa tulivyonavyo

Nachukulia una ESP32, ile kompyuta ndogo ya kuwekwa ndani ya kiboksi, na nRF24L01+. Moduli hii chaneli namba n ni 2400 + n MHz, tumia namba 2 mpaka 81, hapo uko ndani ya 2402 mpaka 2481 na hujatoka kwenye eneo la wazi la 2.4 GHz ambalo mwisho wake ni 2483.5. Moduli yenyewe inaweza kupanda mpaka 2525 lakini usiende huko, si pako, na kuhusu nguvu za kutuma fuata kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hasa ukinunua zile zenye kikuza nguvu na antena ndefu.

Zima uthibitisho wa kujiendesha (auto-ack, moduli kujibu yenyewe kuwa imepokea) na kurudia kutuma, vyote viwili, hapa havina kazi. Pakiti iwe baiti 32 kamili. Kwa kasi ya 1 Mbps pakiti na vichwa vyake inachukua kama milisekunde 0.32 hewani, kuhama chaneli ni 0.13, ongeza na muda wa kupakia, weka nusu milisekunde. Yaani vipande 2000 kwa sekunde. Gawa kwa 80, anaepokea anapata kama 25 kwa sekunde. Ukishuka kwenye 250 kbps unapata masikio makali zaidi, -94 dBm badala ya -85, lakini vipande vinavyoingia vinakuwa kama 8 kwa sekunde. Kwa boti zilizo karibu nachagua 1 Mbps, si kwa ajili ya haraka tu. Kipande kifupi ni kinga chenyewe, mwenye kidude cha kusikiliza kwanza ndo azibe anatakiwa akipate kipande chako ndani ya 0.32, na kama kidude chake kinataka 0.13 kuhamia chaneli moja basi ataweza kuchungulia chaneli mbili tatu tu katika 80 kabla hujaondoka.

Ujumbe wenyewe una nini? Cheti cha kiboksi: namba yake baiti 4, funguo yake ya wazi (ya kukagulia saini zake) 32, saini ya kikundi chenu inayothibitisha kuwa kiboksi ni chenu 64. Halafu funguo ya muda ya X25519, ndo ile namba ya Diffie na Hellman, ambayo imetengenezwa sasa hivi, baiti 32, saa na tarehe 4, na saini ya kiboksi juu ya hayo 64. Jumla 200. Kwenye kila pakiti ya baiti 32 weka namba ya ujumbe baiti 4, nafasi ya kipande baiti 1, heshi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na data) baiti 8, zinabaki 19 za mzigo. 200 kwa 19, vipande 11.

Kwa sababu vinaingia kwa bahati, utapokea vyengine mara mbili tatu kabla hujavipata vyote, wastani vipande kama 33 vinatakiwa viingie ndo ukamilishe 11. Kwa 25 kwa sekunde ni sekunde moja na kidogo. Mwizi akiziba chaneli 20 katika 80 inakuwa kama 1.8. Akiziba nusu nzima, chaneli 40, ni sekunde 2.7 tu. Mwizi amekuja na kidude cha kuziba nusu ya hewa na amekuchelewesha kwa sekunde moja na nusu!

Anaetuma abadilishe chaneli kila kipande. Anaepokea akae polepole, milisekunde 100 kwenye chaneli kisha ahame, nae ahame kwa bahati vilevile, asije akakaa pahala pamoja ambapo pashazibwa akangoja mpaka asubuhi.

Bahati nasibu iwe ya kweli

Hapa ndo watu wanaharibu kazi nzima. Ukitumia random() ya Arduino na ukaipa mbegu, yaani namba ya kuanzia, ile ile siku zote, kila ukiwasha kiboksi utapata mfululizo ule ule, mwizi anaurekodi mara moja basi. ESP32 ina kizalishaji cha namba za bahati nasibu ndani ya chipu yenyewe lakini sharti lake ni kwamba redio yake ya Wi-Fi au Bluetooth iwe imewashwa, vyenginevyo namba zake haziaminiki. Na sisi hatutaki kuwasha Wi-Fi yake maana itaipigia kelele nRF24 iliyo sentimita tano pembeni, zote ziko 2.4. Dawa yake: wakati wa kuwaka ita bootloader_random_enable, inayokipa kizalishaji kelele za kutosha bila ya Wi-Fi, chukua baiti 32, izime, halafu hizo 32 zipe ChaCha20, njia ya usimbaji inayotoa namba zisizotabirika, iwe inakuzalishia namba zote za chaneli zinazofuata. Usiziandike popote kwenye kumbukumbu ya kudumu.

Vipande vya uongo

Mwizi akishindwa kuziba atajaribu kuchafua. Vipande havina saini, saini iko ndani ya ujumbe mzima, kwa hiyo anaweza kutuma vipande vyake vyenye namba ya ujumbe ile ile. Kila nafasi ikiwa na vipande 10 vya kuchagua, nafasi 11, michanganyiko ni bilioni 100, ESP32 yako itakufa juu ya hesabu.

Ndo kazi ya zile baiti 8 za heshi. Kila kipande kinabeba heshi ya kipande kinachofuata, na cha mwisho kinabeba heshi ya mzigo wa cha kwanza. Basi kipande kikiingia unapiga heshi yake, unatafuta nyuma yake kipande kilichobeba heshi hiyo, kama kipo unaviunga. Vya mwizi vinajiunga na vya mwizi, vyako na vyako. Mnyororo ukikamilika kuanzia mwanzo mpaka mwisho ndo unakagua saini, cheti kwanza kisha ujumbe. Anaweza bado kutengeneza minyororo yake mizima ya uongo lakini kila mmoja unamtaka atume vipande vyote 11 na vikufikie, na saini itaukataa tu. Weka mipaka, vipande 500 kwenye kumbukumbu vinatosha, ni kama kilobaiti 16, vya zamani vinatupwa.

Kwa saini tumia libsodium au Monocypher, maktaba za programu za usimbaji, usijitungie yako. Na ukiamua moja itumie pande zote mbili, kwa sababu saini ya kawaida ya Monocypher inatumia heshi ya BLAKE2b na libsodium inatumia ya SHA-512, ukichanganya saini hazikubaliani na utakaa unatafuta kosa kwenye redio kumbe halipo huko.

Kitu pekee ambacho viboksi vyote na vituo vyote vinashirikiana ni funguo ya wazi ya kikundi, ile ya kukagulia vyeti. Hiyo hata ukiibandika ukutani dikoni haina neno, haimsaidii mtu kuziba wala kughushi. Funguo ya siri inayotia saini vyeti isikae kwenye kituo, ikae kwenye kompyuta isiyounganishwa popote kwa mtu mmoja mnaemuamini, na kila kituo kiwe na orodha ya namba za viboksi vilivyoibiwa ili visikubaliwe tena.

Kuanzia salamu mpaka ulinzi

Kiboksi kikiwashwa hakijui kama kuna kituo karibu wala kama ujumbe wake umefika. Basi kinatuma vipande vya ule ujumbe wake, hiyo ndo salamu, kwa muda wa bahati baina ya sekunde 1 na 3, kisha kinanyamaza na kusikiliza muda kama huo, kisha tena. Kituo kinasikiliza daima. Kikipata ujumbe wenye saini sahihi kinajibu kwa njia ile ile ya kuruka ovyo kwa sekunde kama 5, na ndani ya jibu lake kinaweka heshi ya ujumbe wa kiboksi ili jibu la Juma lisiende kwa Haji. Mwizi akirekodi salamu ya jana na kuirudisha leo hapati siri yoyote kwa sababu ile funguo ya muda hana upande wake wa siri, ila atakipotezea kituo muda wa kujibu, kwa hiyo kataa ujumbe wenye saa iliyopishana zaidi ya dakika 2. Saa ya DS3231 inapotea kama dakika moja kwa mwaka, inatosha. Usitegemee GPS kwa hili, nayo inazibika kirahisi kuliko kitu chengine chochote humu.

Wakishapata siri yao wawili, kila kiboksi kinapewa zamu yake ya milisekunde 100. Viboksi 30, mzunguko wa sekunde 3. Kwenye zamu yake kiboksi kinaruka kila milisekunde 5 kwenye chaneli zinazotoka kwenye siri yao, kituo kinajua na kinamfuata, kisha zamu ya mwengine na siri nyengine. Kila kikijibiwa kinarekebisha saa yake, kristali inayopiga saa ndani ya kifaa ikikosea sehemu 20 kwa milioni, kwa sekunde 3 ni maikrosekunde 60, haina athari. Kituo kiwe na moduli mbili, moja ya zamu na moja ya kusikiliza wanaoruka ovyo muda wote, antena zao ziachane mita moja au zaidi.

Kiboksi kikipotea mizunguko 10, yaani nusu dakika, pande zote mbili zinarudi kwenye salamu za mwanzo. Betri nayo iangalie hapo, moduli ya kawaida kwa nguvu kamili inakula kama miliampia 11 ikituma lakini zenye kikuza nguvu zinakula zaidi ya mara kumi ya hiyo, kiboksi kinachosalimia usiku kucha kitakuwa kimekufa alfajiri, kwa hiyo baada ya dakika mbili tatu za kukosa jibu kipunguze, kisalimie sekunde chache kila dakika.

Kuna ndugu wa njia hii, ule wa Pöpper, Strasser na Čapkun wa 2009, ambao haurukiruki bali unatandaza ishara kwa misimbo iliyo hadharani, anaetuma anachagua mmoja kwa bahati na anaepokea anarekodi kisha anajaribu yote mpaka aupate. Unafaa sana kwa tangazo la mmoja kwa wengi, tuseme tahadhari ya upepo kwa boti zote, lakini unataka redio ya programu (SDR, ambayo ishara inachambuliwa na kompyuta) na kompyuta yenye nguvu, nRF24 haiwezi.

Kujaribu bila kuvunja sheria

Usinunue kidude cha kujam kwa ajili ya majaribio, usikiwashe hewani hata dakika moja, ni kosa na utamzibia mtu asiyehusika. Huna haja nacho. Kwenye programu ya anaepokea ongeza mstari unaotupa kila kipande kilichoingia kwenye chaneli 20 ulizozichagua, kisha 40, kisha 60, halafu pima salamu inachukua muda gani, linganisha na hesabu za juu. Kama umetupa nusu na salamu inachukua sekunde 15 badala ya 3, bila ya kuhesabu muda wa kunyamaza, basi kuna kosa, mara nyingi ni anaepokea kutulia kwenye chaneli moja au bahati nasibu isiyo ya kweli. Kisha chukua kiboksi cha pili kitume vipande vya takataka vyenye namba ya ujumbe wa mwenzake, uone kama kituo kinahimili.

Jaribu na boti imelala ubavu. Hilo usiliache.

Akiziba chaneli zote 80 kwa pamoja

Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa, tuseme ukweli. Ila kwanza nguvu zake anazigawa kwa 80, kwa hiyo inabidi awe na kidude kikubwa au awe karibu sana na kituo. Inua antena ya kituo juu ya mlingoti au paa, na uitumie ya kuelekea baharini, ili kelele za mtu aliyesimama nyuma yake kwenye mitaa ziingie kidogo. Pili, mtu huyo anaonekana: ile RPD itasoma 1 kwenye chaneli karibu zote, jambo ambalo Wi-Fi za hoteli hazifanyi. Kituo kikiona hivyo kwa sekunde 20 mfululizo na salamu haziingii, kipige king'ora cha sauti tofauti na kile cha mashine kutikiswa. Waambie walinzi wazi: sauti ya mwanzo kimbilia boti namba fulani, sauti ya pili washeni taa zote, gaweni watu kwenye boti zote, na mmoja azunguke ufukweni kumtafuta mtu aliyekaa na mkoba, maana kidude chenye nguvu hizo hakiwezi kuwa mbali.

Kiboksi nacho kisikae bubu kwa kungoja kituo. Kipe king'ora chake kidogo humo humo kwenye boti, kikitikiswa na hakipati jibu la kituo kwa sekunde 10, kilie chenyewe.